Mji Uliobaki Ng'ambo ya Mto

Ukifungua ramani ya zamani ya topografia ya magharibi mwa Kansas, utadhani mchoraji aliacha kazi nusu. Sisi tuliosoma Jiografia sekondari tulizoea karatasi za 1:50,000 ambazo mistari ya kontua imebanana kama alama za vidole, na swali la mtihani linakutaka ueleze sura ya nchi. Hapa mistari ya kahawia imepita kwa uvivu, mmoja huku, mwingine kule, na kati yake karatasi ni nyeupe. Nyanda hizi za juu zinaanzia chini ya milima ya Rocky na kushuka kuelekea mashariki kwa wastani wa futi 10 hivi kwa kila maili. Mteremko wa namna hiyo mguu wa mtu hauuhisi. Maji tu ndiyo huuona, na mito yote ya buluu kwenye ramani inaelekea upande mmoja.

Kisha jicho linaanza kuona miraba. Mistari iliyonyooka imeikata nchi nzima, kaskazini kusini na mashariki magharibi, kila baada ya maili moja, kama daftari la hesabu. Haijali mto. Haijali korongo. Inapita juu ya kilima na kushuka upande wa pili bila kupinda hata kidogo.

Karatasi hizi zilitengenezwa na Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, lililoundwa mwaka 1879. Leo zaidi ya ramani zake za zamani 178,000 zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, na mtu mwenye bando la kutosha anaweza kukaa Mabibo au Kikuyu akapekua kaunti yoyote ya Marekani toleo kwa toleo. Mimi nilianza kuzipekua kwa ajili ya kazi ya semina kuhusu ardhi na dola, nikakwama kwenye kaunti moja, Graham, na ndani ya Graham nikakwama kwenye jina moja: Nicodemus.

Lakini tuanze na miraba, maana bila hiyo Nicodemus haieleweki.

Miraba ilikuja kabla ya ramani. Ilikuja hata kabla ya watu waliotakiwa kukaa ndani yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1785 iliagiza kwamba ardhi ya umma ipimwe katika vipande vya maili 6 kwa 6, kila kipande kigawanywe sehemu 36, kila sehemu maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Wapimaji walitembea na mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ikatimiza maili. Kule Kansas sehemu ya 16 na ya 36 zilitengwa kwa ajili ya kugharamia shule. Kaunti ya Graham yenyewe ina upana wa maili 30 na urefu wa maili 30, kwa hiyo ndani yake viliingia vipande vikubwa 25, kama vigae sakafuni.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mpango huu unakiri kwamba dunia ni mviringo. Mistari inayoelekea kaskazini hukaribiana kadiri inavyosogea kwenye ncha ya dunia, kwa hiyo wapimaji walilazimika kuirekebisha kila baada ya umbali fulani. Kwenye ramani utaona barabara iliyonyooka maili nyingi ikipiga kona ghafla, ikasogea pembeni kidogo, halafu ikaendelea na safari yake. Dereva asiyejua historia atadhani waliojenga walikwepa shamba la mkubwa fulani.

Sheria ya mwaka 1862, aliyoisaini Rais Lincoln, ilimpa mlowezi robo ya sehemu moja: ekari 160. Alitakiwa kujenga, kulima na kukaa miaka 5, kisha hati ikawa yake. Hati milioni 1.6 hivi zilitolewa kwa sheria hiyo, na ekari zipatazo milioni 270 zikaingia mikononi mwa watu binafsi. Robo ile ni mraba wenye upande wa nusu maili. Mashariki, kwenye mvua, ekari 160 zililisha familia na kubakisha. Tatizo ni kwamba sheria iliandikwa na watu waliozoea mashariki.

John Wesley Powell aliliona tatizo hilo mapema. Alikuwa mwanajeshi aliyepoteza mkono wa kulia vitani Shiloh mwaka 1862, na hiyo haikumzuia kushuka korongo kuu la mto Colorado kwa mashua. Mwaka 1878 alitoa ripoti kuhusu ardhi kame za Marekani, akachora mpaka karibu na longitudo ya 100 magharibi. Upande wa magharibi wa mpaka huo mvua kwa kawaida haifiki inchi 20 kwa mwaka, na kilimo cha kutegemea mvua peke yake ni kamari. Alipendekeza mashamba ya mifugo yawe ya ekari 2,560, yale ya umwagiliaji yawe ya ekari 80, na mipaka ifuate maji badala ya kuyakata. Bunge halikulitaka jambo hilo. Wakati huo wapiga debe wa ardhi walikuwa na nadharia yao tamu zaidi, kwamba mvua hufuata plau: ukiivunja ardhi, ukailima, mawingu yatakuja yenyewe. Walikuwepo hata wasomi walioitetea.

Mtu wa Kongwa akisikia habari hiyo atacheka kwa uchungu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kuja kupanda karanga pale, kwa imani isiyo mbali sana na hiyo, na mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Powell akawa mkurugenzi wa USGS mwaka 1881, na ni yeye aliyelishawishi Bunge kugharamia ramani za topografia za nchi nzima. Hapo ndipo ninapompenda. Aliyeshindwa kuifuta miraba aliamua kuchora juu yake, kwa wino wa rangi nyingine, kitu ambacho miraba haikukijua: mwinuko, mteremko, njia ya maji. Ramani za mwanzo zilichongwa kwenye sahani za shaba, moja kwa kila rangi. Nyeusi ilibeba kazi za binadamu, buluu maji, kahawia umbo la nchi. Ukiitazama karatasi moja ya Kansas unatazama mabishano ya watu wawili wasiosikilizana: nyeusi inasema ardhi yote ni sawa, kahawia inasema hapana. Powell alijiuzulu mwaka 1894, baada ya Bunge kumbana bajeti.

Longitudo ya 100 inapita magharibi kidogo ya Nicodemus. Mji uko takriban kilomita 30 upande ambao mvua ingetarajiwa kutosha, ingawa mvua yenyewe haijawahi kuutazama mstari kabla ya kunyesha.

Nicodemus ilianzishwa mwaka 1877. Waasisi wake walikuwa mchungaji Mweusi, W. H. Smith, na mwendelezaji wa ardhi Mzungu, W. R. Hill, na wenzao wachache. Walisambaza vipeperushi vilivyowalenga Wamarekani Weusi, hasa wa Kentucky, watu ambao miaka 12 tu nyuma walikuwa mali ya watu wengine. Jeshi la shirikisho lilikuwa limeondoka kusini mwaka huohuo, na kila mtu alijua maana yake. Kansas ilikuwa na sifa. Ndiko John Brown alikopigania. Vipeperushi vilisema ardhi ipo, njooni.

Septemba 1877 kundi kubwa la watu wapatao 300 liliteremka treni Ellis, kisha likatembea kuelekea kaskazini. Ni kama kilomita 55. Walipofika mjini hawakuuona mji. Waliotangulia walikuwa wamechimba nyumba ndani ya ardhi, kwenye kingo za vilima, kwa sababu miti ya kujengea haikuwepo. Mke wa mchungaji mmoja, Willianna Hickman, aliyefika na kundi la mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba aliulizia mji uko wapi, akaonyeshwa moshi ukitoka ardhini. Akalia. Baadhi ya waliofika waligeuza hapohapo.

Ninapoitazama ramani nikiwa na simulizi hiyo kichwani, eneo lile jeupe kati ya kontua linabadilika. Nyumba ya shimo haina kivuli. Kwenye ramani hizi nyumba ni nukta nyeusi ya mraba, na nukta haisemi nani yumo ndani, anatoka wapi, alifika kwa miguu au kwa gari la farasi. Mkulima Mweusi na jirani yake Mzungu wanapata nukta ileile. Kuna haki ya ajabu katika hilo, haki ambayo katika nchi nyingine ya Marekani ya wakati ule isingepatikana kwenye kiti cha treni. Lakini pia ndiyo sababu unaweza kuipita Nicodemus kwenye ramani bila kujua umepita wapi.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa mabaya. Simulizi za wazao husema Waosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni ndio waliowagawia nyama. Na Septemba 1878, mwaka mmoja tu baada ya lile kundi la Ellis, Wacheyenne wa Kaskazini waliotoroka hifadhi walikokuwa wamefungiwa kusini walikatiza magharibi ya Kansas wakirudi kwao, jeshi likiwa nyuma yao. Watu wengine wakiondolewa kwenye nyanda, wengine wakiingia na hati ya ekari 160. Ramani inayo majina ya mito, mengine yametoka kwa wenyeji wa kale, mengine, kama Solomon, kwa Wafaransa na Waingereza. Njia za mawindo haina. Ilikuja baada ya mambo hayo kwisha, na kazi yake ilikuwa kuonyesha kilichopo.

Waliobaki Nicodemus walifanikiwa. Hilo lisisahaulike katika huzuni ya yaliyofuata. Zachary Fletcher alifungua posta mwaka 1877 na baadaye hoteli. Makanisa yalijengwa, la Kibaptisti na la AME. Nyumba za shimo zikapisha nyumba za magogo ya udongo na nyasi, kisha za mawe ya chokaa. Katikati ya miaka ya 1880 palikuwa na maduka, magazeti mawili na timu ya besiboli. Edward McCabe, mwanasheria aliyehamia pale, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Kansas mwaka 1882, na hakuna Mweusi aliyekuwa amewahi kuchaguliwa kushika ofisi ya jimbo zima nje ya kusini kabla yake.

Kilichokosekana ni reli.

Katika nyanda hizi, reli ilikuwa tofauti kati ya mji na kumbukumbu ya mji. Ngano haina bei kama haifiki kwenye behewa. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 kuivuta kampuni ya reli ipite kwao. Deni la namna hiyo, kwa jamii iliyoanza na mashimo miaka 10 kabla, si mchezo. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Mwaka 1888 Union Pacific ilitandaza njia yake kusini ya mto Solomon. Nicodemus iko kaskazini. Kambi ya wafanyakazi wa reli ikageuka mji, ukaitwa Bogue, na wafanyabiashara wa Nicodemus wakaanza kuvuka mto, wengine wakihamisha hata majengo.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Nicodemus hadi Bogue ni takriban kilomita 7. Nimepima. Kwenye ramani ya skeli ya 1:125,000, ambayo USGS ilitumia sana katika miaka ya 1890, hiyo ni chini ya sentimita 6, yaani urefu wa kidole changu cha kati bila kunyooka sana. Reli ni mstari mweusi wenye vijistari vya kukatiza, kama mshono wa jeraha. Ramani haiandiki kumbukumbu za kikao cha kampuni. Wapo wanaotaja rangi ya ngozi, wapo wanaotaja fedha na ushindani wa kampuni mbili zilizokuwa zikinyang'anyana njia. Mimi naona swali hilo linatakiwa kuulizwa kwa namna nyingine: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukosa reli na bado akasimama? Mji wa Wazungu ukirukwa, watu wake walihama wakapokelewa kwingine. Miji ambayo ingewapokea wakazi wa Nicodemus kama wenye mji, na si kama vibarua, haikuwa mingi. Kuna jambo dogo ninaloliongeza bila maelezo: W. R. Hill, yule aliyewaleta watu wa Kentucky, anao mji wenye jina lake, Hill City. Ndio makao makuu ya kaunti, na reli ilifika.

Matoleo ya baadaye ya ramani yanapendeza kwa mtafiti kwa sababu hayakukusudia kusimulia chochote. Unaweka toleo la zamani kushoto, jipya kulia, na unaanza kuhesabu nukta. Shule zilikuwa na alama yake, nukta yenye kibendera juu. Zamani palikuwa na vibendera kila maili chache, maana mtoto alikwenda kwa miguu. Vinapungua. Nyumba zinapungua katika kila mraba, kisha miraba mingine inabaki na kinu cha upepo tu, kimeandikwa jina lake kwa herufi ndogo. Kinu hicho kilivuta maji ya mifugo. Familia iliyokuwa ikiyanywa maji hayo imekwenda. Ukame wa miaka ya 1930, pamoja na kuporomoka kwa bei, ulimaliza wengi. Aprili 14, 1935, wingu jeusi la vumbi lilizifunika nyanda za kusini mchana kweupe. Nicodemus mwaka huo walibaki watu 76. Mwaka 1950 walikuwa 16.

Kuanzia katikati ya karne, rangi ya buluu inaongezeka. Mwaka 1956 bwawa la Webster lilikamilika kwenye mto uleule wa Solomon, chini ya Nicodemus, katika kaunti jirani ya Rooks. Mji mdogo wa Webster ulihamishwa kulipisha ziwa. Kwenye toleo moja kuna mitaa, kwenye linalofuata kuna maji tulivu ya buluu, na kontua zimekatika ukingoni kana kwamba zimesahau zilichokuwa zinasema. Mrekebishaji alipofanya kazi yake kwa kutumia picha za ndege bila kutuma mtu kutembea, mabadiliko yalichapwa kwa zambarau. Rangi hiyo naiheshimu. Ni ramani inayokwambia: hili nimeliona kwa mbali.

Maji makubwa zaidi hayamo kabisa. Chini ya majimbo 8 ya nyanda hizi upo mwamba uliohifadhi maji ya kale, Ogallala, uliopewa jina na mjiolojia wa USGS, N. H. Darton, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1952 Frank Zybach, mkulima wa Colorado, alipata hataza ya mtambo wa kumwagilia unaozunguka nguzo iliyo katikati ya shamba. Ukipita na ndege leo unaona matokeo: duara la kijani ndani ya kila mraba, likilima ekari 130 hivi kati ya zile 160 za Lincoln na kuacha pembe nne kavu. Jiometri ya mwaka 1785 ikakutana na jiometri ya bomba. Sehemu za magharibi ya Kansas usawa wa maji chini ya ardhi umeshuka zaidi ya mita 30 tangu visima hivyo vianze. Powell alisema mipaka ifuate maji. Hakujua maji mengine yangekuwa chini ya miguu yake, mahali ambapo kontua haifiki.

Ramani mpya za USGS, zinazotolewa tangu 2009, zinatoka kwenye kompyuta moja kwa moja. Ni safi, sahihi, na hutolewa upya kila baada ya miaka michache. Lakini nyumba mojamoja za mashambani kwa kawaida hazimo tena. Nukta nyeusi zimeachwa. Atakayetaka miaka 80 ijayo kuhesabu nani aliondoka na nani alibaki, kama ninavyohesabu mimi sasa, itambidi atafute picha za setilaiti na awe na subira.

Nicodemus ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1996. Majengo 5 yanatunzwa: makanisa mawili, hoteli, shule, na ukumbi wa kata uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwishoni mwa miaka ya 1930. Barabara kuu namba 24 inapita pembeni. Kila mwishoni mwa Julai wazao hurudi, kutoka Denver, kutoka California, kutoka kila walikokwenda babu zao, na kwa siku chache mji unajaa magari. Sherehe hiyo ilianza kama ya ukombozi wa watumwa. Kuna gwaride, kuna ibada, kuna chakula kingi. Wengi wao bado wana ardhi pale, robo ya robo, kipande cha urithi kilichokodishwa kwa mkulima wa jirani, na wanakitaja kama kinavyotajwa kwenye hati: robo ya kusini-mashariki, sehemu namba fulani.